Kurudia badiliko lile lile kwenye Vim: nukta haina tatizo, tatizo ni unavyoilisha

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Mkuu, natumia Vim, hii programu ya kuhariri maandishi, kama mwaka sasa. Nina skripti ya mistari kama elfu tatu na kuna jina la kigeu nataka kulibadilisha sehemu nyingi ila sio zote. Ninachofanya naenda na mishale mpaka kwenye neno, nabonyeza x mpaka liishe, naingia i, naandika jipya, Esc, afu naenda kwenye linalofuata naanza upya. Nimeambiwa nukta (kitufe cha `.`) inarudia lakini kwangu inafuta herufi moja tu au inaandika neno bila kufuta la zamani. Hiyo %s, ile komandi ya kubadilisha neno kila mahali kwa mpigo, naiogopa, ilishaniharibia faili zima. Kuna njia ya kurudia haraka au niweke tu plugini ya vishale vingi?"

Mkuu, ukisoma swali lako taratibu utaona jibu umelitoa mwenyewe, ipo pale unaposema nukta inaandika neno bila kufuta la zamani. Nukta haijakosea. Imefanya ulichoiagiza. Nukta inarudia badiliko la mwisho, moja tu, na wewe hukufanya badiliko moja, kwa neno la herufi nne umefanya matano: x ya kwanza ni badiliko, x ya pili ni badiliko, ya tatu, ya nne, afu i mpaka Esc ni badiliko la tano. Ukija kubonyeza nukta inakumbuka hilo la tano peke yake, yaani "andika neno hili hapa", habari za kufuta ilishazisahau zamani. Na ukibonyeza nukta kabla hujaingia i inakumbuka x, ndo maana inakula herufi moja.

Kwa hiyo kabla hatujaenda kwenye komandi kubwa kubwa, jambo la kwanza ni kulifanya badiliko lako liwe kipande kimoja, kufuta na kuandika viwe tendo moja. Herufi inayofanya hivyo ni `c`. Ukiwa popote ndani ya neno, bonyeza `ciw`, neno linaondoka na tayari uko kwenye modi ya kuandika, unaandika jipya, Esc. Hapo kwa Vim ni badiliko moja, kuanzia c mpaka Esc. Nenda kwenye neno lingine, bonyeza nukta, limebadilika lote. Umeona? Hujajifunza kitu kipya kuhusu nukta, umebadilisha tu unachoilisha.

Na hapo kuna mtego mmoja unawakamata watu wengi hata waliokaa na Vim muda mrefu. Ukiwa ndani ya modi ya kuandika usiguse vitufe vya mishale. Ukiandika nusu ya neno, ukarudi nyuma kwa mshale kusahihisha herufi, ukaendelea, Vim inahesabu kwamba badiliko la kwanza liliishia pale ulipogusa mshale na hapo limeanza lingine, kwa hiyo nukta itarudia kile kipande cha mwisho tu na utabaki unashangaa. Ukikosea futa kwa Backspace, au `Ctrl-w` ifute neno zima ulilokuwa unaandika, afu endelea. Ikishindikana kabisa toka kwa Esc, bonyeza `u`, anza upya, ni sekunde mbili.

Sasa nusu ya pili ya tatizo lako ni kutembea. Unatumia mishale mpaka kwenye neno na faili ni mistari elfu tatu, hapo ndo vidole vinakufa. Kutembea nako kuna kitufe chake cha kurudia: ukishatafuta kitu kwa `/`, `n` inakupeleka kwenye kinachofuata. Kwa hiyo unakuwa na vitufe viwili tu, n ya kutembea na nukta ya kubadilisha, n nukta n nukta, na pale usipotaka kubadilisha unabonyeza n tena bila nukta. Hiyo ndo mashine yenyewe. Mi nikimfundisha mtu Vim namkatalia kabisa kugusa makro (kurekodi vitufe afu kuvirudia) mpaka hii iingie kwenye vidole, manake vitu vingine vyote nitakavyotaja huko chini ni vya kesi maalum, hii ni ya kila siku.

Tuchukue mfano mdogo tuuangalie kwa karibu, kitufe kwa kitufe. Una fankisheni hii na unataka `jina` liwe `jina_kamili`:

    def salamu(jina):
        majina.append(jina)
        print("Habari " + jina)
        andika(jina, "jina la mteja")
        return jina

Hesabu kwa macho. `jina` kama neno linalojitegemea lipo mara sita. Moja kati ya hizo liko ndani ya alama za kunukuu, "jina la mteja", hilo ni maandishi ya kumwonyesha mtu, si kigeu, hulitaki liguswe. Afu kuna `majina` ambayo ndani yake mna jina, nayo hutaki iguswe. Hii ndo sababu %s ilikuharibia faili, nina uhakika kabisa, uliandika `%s/jina/jina_kamili/g` na kila majina yakawa majina_kamili na kama kulikuwa na jinamizi basi likawa jina_kamilimizi.

Fanya hivi. Weka kishale (ile alama ya mahali ulipo, sio kitufe cha mshale) juu ya jina la mstari wa kwanza, bonyeza `*`. Nyota inatafuta neno lililo chini ya kishale, na inalitafuta kama neno zima, kwa hiyo majina inaachwa bila wewe kufikiria chochote. Ubaya wake inaruka hapo hapo kwenye linalofuata, uko mstari wa pili sasa, kwa hiyo bonyeza `N` kubwa kurudi ulipotoka. Afu `cgn`, andika jina_kamili, Esc.

Hiyo `gn` ndo nilikuwa naisubiri nikwambie. Maana yake ni "sehemu inayofuata inayolingana na nilichotafuta", na kama kishale tayari kiko juu ya sehemu hiyo basi inachukua hiyo hiyo. Ukiweka c mbele inakuwa "badilisha sehemu inayofuata inayolingana". Umeelewa kilichotokea? Kutembea kumeingia ndani ya badiliko. Nukta sasa inarudia vyote viwili, kutafuta na kubadilisha, kwa kitufe kimoja. Huihitaji n tena.

Endelea: nukta, mstari wa pili umebadilika, majina iko salama. Nukta, wa tatu. Nukta, jina la kwanza la mstari wa nne. Linalofuata ni lile la kwenye nukuu, hulitaki, kwa hiyo bonyeza `n` kishale kiende juu yake, ulione, afu `n` tena kuliruka, uko mstari wa tano, nukta. Imeisha. Jina jipya la herufi kumi na moja umeliandika mara moja, nukta nne, n mbili. Mtu anayekuangalia pembeni atadhani unacheza gemu.

Angalia lakini, cgn ina tabia moja ya kuifahamu: ukibonyeza nukta inaruka na kubadilisha kwa pamoja, yaani unaona ilichobadilisha baada ya kubadilisha. Kama sehemu zinazofuata unaziona kwenye skrini (washa `:set hlsearch` zitapakwa rangi zote) hakuna shida. Kama ziko mbali mbali na hujui kuna nini huko, nenda kwa n kwanza, tazama, afu nukta. Kwa kuwa gn inachukua sehemu iliyo chini ya kishale, mtindo wa n-nukta unafanya kazi vile vile bila kubadilisha chochote. Ndo maana siku hizi mi ciw naitumia kidogo, cgn inafanya yote mawili. Tofauti nyingine: ciw inakula neno zima lililo chini ya kishale hata kama ulichotafuta ni kipande chake tu, cgn inakula kile ulichotafuta na si zaidi. Ukitafuta `/bei_` na kishale kikawa kwenye `bei_jumla`, ciw itaondoa bei_jumla yote, cgn itaondoa `bei_` ikuachie jumla.

gn sio ya enzi za vi, babu yake Vim, ile ya Bill Joy ya mwaka 1976, imeingia rasmi na Vim 7.4 mwaka 2013, kwa hiyo ukikuta mashine ya zamani sana au vi kavu kavu isiyo Vim usishangae ikikataa, hapo rudi kwenye n na nukta na ciw. Neovim, ndugu yake Vim, inayo.

Kama jina jipya ni refu au lina herufi za ajabu na tayari lipo mahali kwenye faili, usiliandike. Likopi kwa `yiw`, nenda kwenye la zamani, `*`, `N`, `cgn`, na ukiwa kwenye modi ya kuandika bonyeza `Ctrl-r` afu `0`. Rejista ni vihifadhi vya Vim vya ulichokopi au kufuta, na rejista sifuri inashika ulichokopi mara ya mwisho na haichafuliwi na ulichofuta, ile c imetupa neno la zamani kwenye rejista ya kawaida lakini sifuri iko pale pale. Esc, afu nukta nukta nukta.

Hiyo nyota na N kubwa mi nilichoka nazo nikaziweka kwenye .vimrc (faili la mipangilio ya Vim) kwa mstari mmoja:

    nnoremap <leader>r *``cgn

Zile alama mbili za nukuu za nyuma zinarudisha kishale pale pale kilipokuwa kabla nyota haijaruka. Kwa hiyo kishale juu ya neno, leader (kitufe chako cha kuanzishia njia za mkato) afu r, andika jipya, Esc, afu nukta kadri unavyotaka.

Tuje kwenye %s unayoiogopa. Uoga wako una sababu ila dawa sio kuikimbia, manake kuna siku sehemu zitakuwa mia nne na hakuna nukta ya kubonyeza mara mia nne. Ifuge. Kwanza usiandike unachotafuta ndani ya %s. Kitafute kwanza kwa nyota au kwa `/`, tazama rangi kwenye skrini, pitapita na n uhakikishe umeshika unachotaka na hujashika usichotaka, ukisharidhika andika:

    :%s//jina_kamili/gc

Hapo kati ya mikwaju (`/`) miwili ya kwanza hamna kitu, na hiyo ni makusudi, Vim ikikuta patupu inachukua ulichotafuta mara ya mwisho. Yaani ulichokiona kimepakwa rangi ndicho kitakachobadilishwa, hakuna bahati nasibu. Herufi `c` ya mwisho inaifanya ikuulize kila sehemu: y badilisha, n ruka, a badilisha zote zilizobaki, q acha, na kuna l ambayo watu hawaijui, inabadilisha hii moja afu inaacha. Mi huwa naanza na y y n y, nikishaona mwelekeo ni mzuri na macho yamechoka nabonyeza a.

Na kabla ya yote kama bado moyo unadunda, hesabu kwanza:

    :%s///gn

Ile n inaizuia isibadilishe kitu, inakupa tu idadi. Kwenye mfano wetu itakwambia 6 kwenye mistari 5. Ukitegemea sita ikakwambia saba basi majina imeingia, rudi katafute upya. Hii imeniokoa mara nyingi kuliko backup yoyote.

Vitu vya harakaharaka kuhusu hiyo komandi. Ukiandika `:%s/` afu ukabonyeza `Ctrl-r` kisha `Ctrl-w` neno lililo chini ya kishale linajiandika lenyewe. Kama unachobadilisha kina mikwaju ndani yake, kama njia za mafaili, usihangaike kuweka mkwaju wa nyuma kila mahali, tumia alama nyingine kutenganisha, `:%s#/usr/local#/opt#g` inakubalika kabisa. Na kama ni aya fulani tu sio faili zima, ichague kwa `V`, bonyeza nukta mbili (alama ya `:`), Vim inajaza yenyewe alama za mwanzo na mwisho wa ulichochagua, we malizia s yako.

Kurudia s nako kuna vitufe vyake na hapa ndo watu wanachanganya. Nukta hairudii komandi za nukta mbili, kabisa, usijaribu. Ukifanya s kwenye mstari mmoja na unataka hiyo hiyo kwenye mstari mwingine nenda pale ubonyeze `&`. Ila `&` inasahau zile herufi za mwisho, kama ulikuwa na g haitakuwepo, itabadilisha ya kwanza tu kwenye mstari, kwa hiyo ukizitaka tumia `:&&`. Ulifanya mstari mmoja ukaona ni nzuri ukataka faili zima? `g&`, na hii inazikumbuka herufi za mwisho, ila inatumia ulichotafuta mara ya mwisho, kwa hiyo kama katikati umetafuta kitu kingine itakigeukia hicho. Na kwa komandi yoyote ile ya nukta mbili, sio s peke yake, `@:` inairudia, na ukishabonyeza hiyo mara moja `@@` inaendeleza.

Hii s ni ya zamani kuliko vi yenyewe, imetoka kwenye ed ya Ken Thompson, mhariri wa enzi za teminali za karatasi ambapo ulikuwa hulioni faili, unaliambia mstari gani ufanye nini. Hata jina grep limetoka huko huko, ni `g/re/p`. Nasema hivi kwa sababu ile g ya mwanzo bado ipo na ni silaha kali sana ukiichanganya na nukta. Mfano umeweka nukta-mkato mwisho wa mstari mmoja kwa `A;` na Esc. Unataka mistari yote yenye neno return iwe nayo:

    :g/return/normal .

Inaenda kila mstari wenye return na kubonyeza nukta kwa niaba yako. Kama ni mistari uliyoichagua kwa V basi chagua, nukta mbili, `normal .`, Enter. Kumbuka tu kwamba g inaweka kishale mwanzo wa mstari, kwa hiyo badiliko linalorudiwa liwe lile linalojua lenyewe pa kwenda, A inaenda mwisho wa mstari hata uwe wapi, I inaenda mwanzo, hizo ziko salama. `ciw` hapo itabadilisha kile kilicho mwanzo kabisa wa mstari, neno la kwanza au zile nafasi tupu, na utajuta.

Makro sasa. Makro ni pale badiliko lako haliwezi kuwa kipande kimoja hata ufanyeje, kuna kazi mbili tatu kwenye mstari mmoja. Mfano una mistari mia mbili ya namna hii:

    rangi: nyekundu
    umbo: duara

na unataka iwe

    "rangi": "nyekundu",
    "umbo": "duara",

Anza kurekodi kwa `qa`. Afu `0f:` kwenda kwenye nukta mbili, `i"` Esc, `0i"` Esc kuweka ya mwanzo, afu `f:` tena, `la"` Esc inaweka alama baada ya nafasi, `A",` Esc, `j` kushuka, `q` kumaliza. Sasa `@a` kwa mstari wa pili, tazama kama imetoka sawa, afu `200@a`. Usiogope kuzidisha namba, ikifika mstari wa mwisho ile j inakosa pa kwenda na makro nzima inasimama yenyewe, kwenye Vim hatua ya kutembea ikishindwa makro inakufa papo hapo.

Umeona nimeanza na `0f:` kabla sijaandika chochote? Sio mapambo. Kama kuna mstari mtupu katikati, f inakosa nukta mbili, makro inakufa kabla haijachafua kitu. Ningeanza na alama ya kunukuu, ule mstari mtupu ungebaki na alama moja ya yatima na ningeitafuta jioni nzima. Hatua inayoweza kushindwa iweke mwanzo. Na kama mistari mitupu ni mingi na hutaki makro ife kila mara, acha namba, tumia `:g/:/normal @a`, itagusa mistari yenye nukta mbili peke yake.

Mtu atakuja kusema hiyo yote unaifanya kwa s moja, `:%s/^\(.*\): \(.*\)$/"\1": "\2",/`. Ni kweli, na mi kwa mfano huu mdogo ningeandika hiyo. Lakini kwa mtu anayeogopa %s makro ina raha yake, kwenye makro unafanya huku unaona, kwenye pateni kama hiyo ya s unafikiria kwanza afu ndo unaona, na ukikosea kufikiria umekosea mistari mia mbili kwa mpigo.

Ila nisikudanganye kwamba makro haiharibu. Kuna siku nilikuwa na kazi kama hii yako, nikatafuta `/jina` kavu kavu bila nyota, nikarekodi makro: n, e, a, naandika _kamili, Esc. Nikapiga `500@a` nikijua itasimama ikiisha. Haikusimama. n ikifika mwisho wa faili inazunguka inaanza juu upya, na juu kulikuwa na jina_kamili ambayo ndani yake bado mna jina, kwa hiyo ikaongeza tena, jina_kamili_kamili, ikashuka, ikazunguka tena, nilipokuja kuangalia nilikuwa na jina_kamili_kamili_kamili_kamili na majina nayo yamevaa mikia. Nilicheka afu nikakasirika. Dawa ni mbili: `:set nowrapscan` kabla ya makro yenye n ndani yake, ili ikifika chini ife, na kutafuta neno zima kama `\<jina\>` ambayo ndiyo nyota inakuandikia, hapo jina_kamili hailingani tena kwa sababu ile mstari-chini inahesabiwa ni sehemu ya neno. Kurudisha hali nilitumia `:earlier 5m`, inarudisha faili lilivyokuwa dakika tano zilizopita, na kuna `:earlier 1f` ya kulirudisha lilivyokuwa ulipolisevu mwisho. Ziandike mahali hizo mbili, uoga wa %s utapungua wenyewe.

Kama jina liko kwenye mafaili mengi, tafuta kwa `:vimgrep /\<jina\>/ **/*.py`, pitia orodha kwa `:copen`, afu:

    :cfdo %s/\<jina\>/jina_kamili/gce | update

cfdo inapita kila faili lililo kwenye orodha mara moja, update inasevu lililobadilika tu, na ile e ya mwisho inazima kelele za kosa pale faili likiwa halina kitu cha kubadilisha. Na kwa kuwa umesema ni kigeu, niseme ukweli, kama umeshafunga ile huduma inayoielewa lugha unayoandikia, tumia komandi yake ya kubadilisha jina. Yenyewe inajua jina la fankisheni hii sio jina la fankisheni ile, Vim haijui, Vim inaona herufi tu. Ila kwa kawaida haitagusa maelezo wala maandishi yaliyo kwenye nukuu, hayo unarudi kuyamalizia kwa cgn.

Plugini ya vishale vingi: niliiweka, nikaitumia miezi michache, nikaitoa. Sio mbaya, ila kila niliyoifanya nayo ilikuwa ni nyota, cgn na nukta, isipokuwa sasa nilikuwa nategemea kitu ambacho mashine nyingine haina, nikiingia kwenye seva ya mtu kupitia teminali vidole vinatafuta kitu ambacho hakipo. Ukipenda sana mtindo ule basi jaribu wahariri wengine, Kakoune au Helix, huko vishale vingi ni vya kuzaliwa, unachagua kwanza afu ndo unabadilisha, na unaona vyote kabla hujagusa kitu. Kwenye Vim kama unachotaka ni safu iliyonyooka, herufi ile ile kwenye mistari kumi inayofuatana, `Ctrl-v`, shuka na j, `c` au `I`, andika, Esc. Itaonekana kama imebadilisha mstari wa kwanza tu mpaka ubonyeze hiyo Esc, usije ukadhani imekataa ukaanza kuandika upya.

Kwa ile skripti yako ya elfu tatu ningeanza na nyota juu ya jina, afu `:%s///gn` kujua ni ngapi. Zikiwa chini ya thelathini hivi nenda na cgn na nukta, zikizidi hapo nenda na `%s//.../gc`. Na vitufe vya mishale vizime kwa wiki moja kwenye .vimrc, `noremap <Up> <Nop>` na wenzake watatu, afu `inoremap` kwa hao hao wanne. Siku mbili za kwanza utanitukana.